Shangazi, watoto wangu wamegoma kutembea

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Kigoma mjini. Mkubwa ni binti wa miaka 10, yuko darasa la nne. Mdogo wake wa kiume ana miaka 7, yuko la kwanza. Nimezaliwa Ujiji na nimekulia Ujiji, na hadi mwaka jana tulikuwa tunaishi kwenye nyumba ya wazee kule kule. Mungu akanijalia nikamaliza nyumba yangu upande wa juu, kwenye viwanja vilivyopimwa, tukahamia. Mtaa nisiutaje, watu wananifahamu.

Tatizo langu ni hili. Kule Ujiji watoto hawa walikuwa hawakai ndani. Shule kwa miguu, madrasa kwa miguu, kutumwa dukani kwa miguu, Ijumaa kwa bibi yao mzaa mama kwa miguu, na njiani wanacheza mpaka mama yao anaanza kuuliza wamepotelea wapi. Tangu tuje huku, ukimtuma binti gengeni anakwambia, "Baba, si umpigie bodaboda akuletee?" Shule mpya haiko mbali. Nimepima kwa pikipiki yangu, haifiki kilomita mbili, na ile ya Ujiji haikuwa karibu kuliko hiyo. Lakini kila asubuhi ni vita. Mdogo analia, mkubwa ananuna, mwisho natoa hela, wanapanda bodaboda wote wawili wanaenda. Mchana tena hivyo hivyo. Kwa mwezi ni fedha ambayo ingetosha dagaa na mawese ya nyumba nzima na chenji ikabaki.

Wakirudi wanajifungia na televisheni. Mdogo ameanza kunenepa, na akipanda ngazi chache tu unamsikia anahema. Mama yangu akija kutusalimia anasema nyumba ya geti imewaharibu wajukuu zake. Mke wangu anasema niwaache, hela itatafutwa.

Siku moja mwezi wa nne bodaboda wetu hakutokea, simu yake haipatikani, wakalazimika kutembea. Walifika wamechelewa, matope mpaka magotini, na mdogo kiatu kimoja kimebaki kwenye korongo. Jioni nikamuuliza binti, kwa nini hamtaki kutembea na zamani mlikuwa mnatembea? Akanijibu maneno mawili tu: "Njia mbaya." Nikimchimba zaidi ananyamaza.

Shangazi, njia hiyo mimi naipita kila siku. Unatoka kwetu, unafuata nyumba za watu zenye fensi, unapita kijiwe cha bodaboda pale kona, unavuka barabara ya lami, kuna korongo lina daraja la mbao, ukishavuka umefika. Ubaya wake siuoni. Sisi tulikuwa tunatoka nyumbani tunakwenda kuogelea ziwani na kurudi, hakuna mzazi aliyetubembeleza.

Naomba uniambie: hawa wamekuwa wavivu? Niwalazimishe kwa fimbo, au nikubali tu kwamba ndio watoto wa siku hizi? Na huyu mdogo nimruhusu kwenda mwenyewe akiwa na umri gani?

Ni mimi, Baba wa Wawili, Kigoma.

*

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa nyumba. Kujenga siku hizi si jambo dogo.

Fimbo iweke chini kabisa, hapa haina kazi. Watoto hawa hawa walikuwa wanatembea Ujiji mpaka mama yao anawatafuta. Uvivu hauji kwa kuhama mtaa. Kilichobadilika ni mahali wanapopita, na binti yako amekwambia hivyo kwa maneno mawili ambayo umeyasikia ukayaacha. Wewe ile njia unaipita ukiwa juu ya pikipiki, mwanaume mtu mzima. Yeye anaipita akiwa na miaka 10, mkoba mgongoni, mdogo wake mkononi, na kabla hakujapambazuka vizuri. Usiseme njia ni moja.

Ngoja nikurudishe Ujiji kidogo. Ule mji ulikua kabla ya gari kufika nchi hii. Katika karne ya 19 ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, na watu waliingia pale kwa miguu, mizigo kichwani. Nyumba zikajengwa kwa kipimo hicho: zimekaribiana, milango inatazama njia, baraza ziko mbele kabisa. Mtoto wako akitoka asubuhi alikuwa anampita mama anayekaanga vitumbua, mzee aliyerudi msikitini akaketi barazani na tasbihi yake, fundi cherehani anayetoa meza nje. Kamba ya kiatu ikilegea anaambiwa, "We mwana wa fulani, funga kamba hiyo utaanguka." Akichelewa kurudi, wa kwanza kuuliza si mama yake, ni yule wa vitumbua. Hakuna aliyekuwa analipwa kwa kazi hiyo wala aliyejua kwamba anaifanya. Lakini mtoto alikuwa anajua, na ndiyo maana mguu wake ulikuwa mwepesi.

Huko mlikohamia, viwanja vimepimwa kwa kumfikiria mwenye gari. Kila mtu amevuta ukuta mpaka kwenye bikoni, akaweka geti la chuma, nyumba ikageukia ndani. Mtu mzima anaona usafi na utulivu. Mtoto anaona njia ndefu isiyo na mtu wa kumwita. Mbwa akitoka chini ya geti, atakimbilia wapi? Mtu asiyemjua akimwita, atapiga hodi kwa nani? Sikwambii ubomoe ukuta wako, najua wezi. Nakwambia uhesabu mageti kutoka kwenu mpaka pale kona, kisha ujiulize ni mangapi ambayo mwanao anajua jina la aliyemo ndani. Kama hakuna hata moja, umeshapata nusu ya jibu.

Jambo hili si la Kigoma peke yake, na limechunguzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kule San Francisco, Marekani, mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alilinganisha mitaa mitatu ambayo nyumba zake zilifanana, tofauti ikiwa wingi wa magari yanayopita. Waliokaa kwenye mtaa wenye magari machache walikuwa na marafiki mtaani mara tatu ya wale wa mtaa wenye magari mengi, na watoto wao walikuwa nje. Kwenye mtaa wa magari mengi watu walijikunja ndani. Uingereza nako, mwaka 1971 watoto 80 kati ya kila 100 wa miaka 7 na 8 walikuwa wanakwenda shule bila mtu mzima. Ilipofika 1990 walikuwa 9 tu. Hakuna kizazi kinachopoteza miguu ndani ya miaka 19. Wazazi walipoulizwa, hofu yao kubwa ilikuwa magari. Kwa hiyo ukisema "ndio watoto wa siku hizi" nitakuuliza, na barabara za siku hizi je?

Sasa tuingie kwenye njia yako yenyewe, maana umenieleza vizuri kuliko ulivyodhani.

Anza na giza. Sisi wa Kigoma tuko magharibi kabisa ya nchi, lakini saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam. Jua letu linachelewa la Dar kwa karibu dakika 40. Mwezi wa kumi na moja linachomoza saa kumi na mbili na nusu na dakika chache, lakini mwezi wa saba ni saa moja na dakika kumi hivi. Mtoto anayetakiwa kuwa shuleni saa moja anatoka kwenu saa kumi na mbili na nusu. Mwenzake wa Dar wa umri huo huo anatoka kumepambazuka, wako anatoka ndani ya giza, anapita kwenye kuta, peke yake na mdogo wake. Mimi hili linaniuma kila kiangazi ninapowaona watoto wa mji huu wanatembea wameshikana sare, tochi ya simu mkononi kwa yule mwenye bahati. Kule Ujiji giza lilikuwepo vile vile, lakini lilikuwa na taa ya mama wa vitumbua na sauti za waliotoka kuswali alfajiri. Giza lenye watu mtoto analimudu.

Halafu kijiwe. Hapa, mwanangu, nataka usome taratibu. Umesema binti ukimchimba ananyamaza. Binti wa miaka 10 anayeongea kila kitu halafu ananyamaza kwenye jambo moja, mzazi anatakiwa ashtuke. Sisemi kuna lililotokea. Nasema huenda pale kona wanaitwa majina, wanatupiwa maneno kuhusu miili yao, wanaahidiwa lifti na chipsi. Wasichana wengi wanayapitia haya wakiwa wadogo kuliko tunavyotaka kuamini, na hawasemi nyumbani kwa sababu wanaogopa wataambiwa wameyataka wenyewe. Usimuulize mbele ya mdogo wake wala mezani. Mwombe mama yake, au shangazi yake wa damu, amuulize wakiwa wanafanya kazi nyingine, mfano wakichambua dagaa, na swali liwe jepesi: pale kona huwa wanasemaje mkipita? Akisema, asikatizwe, na asiulizwe alikuwa amevaaje. Likiwa la maneno, kila kijiwe kina mwenyekiti wake. Mfuate wewe mwenyewe mchana, kwa heshima, umwonyeshe watoto wako, umwambie hawa ni wangu. Wengi wa vijana wale ni watu wazuri, wana wadogo zao, na ukishawajua wanageuka kuwa walinzi wa njia. Likiwa zaidi ya maneno, usimalizane na mtu kienyeji. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto.

Hapo hapo ujiulize huyo bodaboda anayewapeleka kila siku unamfahamu kwa kiasi gani. Pengine unadhani kupanda pikipiki ni usalama kuliko kutembea. Lakini unawapakia mshikaki, wawili nyuma ya dereva, jambo ambalo sheria hairuhusu, na sidhani kama kati yao yupo mwenye kofia ngumu inayomtosha. Ningekuwa mkeo ningeogopa hilo kabla ya kuogopa miguu.

Barabara ya lami. Mtoto wa chini ya miaka 10 hivi bado hajui kukadiria mwendo wa gari linalokuja. Analiona, lakini akili yake haijakomaa kumwambia litafika baada ya muda gani, hasa likiwa kasi. Si utundu wala kutosikia, ni umri, na huwezi kumfundisha akaruka hatua hiyo. Sheria yetu inataka gari lisizidi mwendo wa 50 kwa saa kwenye makazi, na wewe na mimi tunajua yanavyopita. Tofauti ya 30 na 50 ni kubwa mno kwa mtu aliye kwa miguu: anayegongwa na gari la mwendo wa 30 mara nyingi anapona, kwenye 50 hatari ya kufa inapanda mara kadhaa. Ndiyo maana tuta mbele ya shule lina faida kuliko mahubiri mia ya kuangalia kulia na kushoto. Dar es Salaam kuna shirika linaitwa Amend ambalo limekwenda shule baada ya shule za msingi zilizo kwenye barabara hatari, likajenga njia za waenda kwa miguu, vivuko, matuta na alama, na kuwafundisha watoto. Walipopima kabla na baada, watoto walioumia walipungua. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Vitu vyenyewe ni saruji, rangi na mabango, kila halmashauri inavimudu. Kinachokosekana ni watu wa kudai.

Korongo nalo unalitaja kana kwamba ni kitu cha kawaida. Kwetu ni kawaida kweli, udongo wa milima hii mvua inauchimba kila mwaka. Lakini mbao zikilowa zinateleza, na mtoto wa miaka 7 aliyepoteza kiatu humo anakumbuka maji yalivyokuwa yanavuma chini yake. Machozi yake ya asubuhi mimi nayaelewa.

Ufanye nini basi? Asubuhi moja acha pikipiki nyumbani. Toka nao muda wao ule ule, kwa miguu, na wewe kaa nyuma. Binti aongoze. Usimfundishe kitu, usimsahihishe. Angalia anapoongeza mwendo, anapovuka upande wa pili wa njia bila sababu unayoiona, anapomshika mdogo wake mkono na anapomwachia. Chuchumaa kwenye ukingo wa lami uone gari linaonekana kutoka wapi kwa mtu wa kimo chake. Labda kuna bango au rundo la mchanga wa ujenzi linaloziba, wewe unalitazama kwa juu kila siku. Ukifika shuleni utakuwa na orodha yako, na itakuwa ya kweli kuliko yangu.

Jioni yake nenda ukajitambulishe. Nyumba tatu au nne zinatosha, zilizogawana njia hiyo kwa urefu. Nenda na watoto. Piga hodi, sema sisi ni wageni wa mtaa, hawa ni wangu, wanapita hapa asubuhi, wakipata shida naomba wapige hodi kwako. Katika mji huu sijawahi kusikia mtu aliyeombwa hivyo akakataa. Kama kuna mama mwenye genge au kibanda cha chapati njiani, huyo mweke wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye yuko nje muda ambao wengine wako ndani. Nunueni kwake. Na kwako wewe mwenyewe, weka benchi nje ya geti, kaa hapo jioni. Kuna watoto wa wenzako nao wanaopita kwenye ukuta wako.

Ukishawajua wenye watoto, wapangeni waende pamoja. Japani watoto wengi wa shule za msingi wanakwenda shule kwa vikundi vya mtaa, wakubwa wakiwaongoza wadogo, wanakutana mahali pamoja kwa muda ule ule kila siku. Kwenu hapo hawawezi kukosekana watoto sita wa shule hiyo hiyo. Wakutane kwenye geti moja, mzazi mmoja kwa zamu awavushe lami na daraja, kisha arudi kwenye shughuli zake. Zamu ikiwa ya wazazi watano, kwako inaangukia mara moja kwa wiki. Kundi la watoto halisumbuliwi kijiweni, linaonekana na dereva kwa mbali, na lina soga. Hiyo soga ndiyo iliyowafanya wako wachelewe kurudi kule Ujiji. Huwezi kumwambia mtoto atembee kwa ajili ya afya yake akakuelewa, lakini mwambie fulani anakungoja pale nje uone.

Tuta, kivuko na daraja ni mambo ya serikali, na huko usiende peke yako. Nendeni wazazi kadhaa kwa mwenyekiti wa mtaa, jambo liingie kwenye mkutano wa mtaa na lisomeke kwenye muhtasari. Mwambieni na mwalimu mkuu alipeleke kwenye kamati ya shule. Barabara za mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, barabara kuu ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, na mtendaji wenu anajua hiyo yenu ni ya nani. Barua yenye muhuri wa mtaa na wa shule ina miguu mirefu kuliko malalamiko ya mtu mmoja. Daraja la mbao lakini msisubiri barua. Hilo ni la msaragambo, kazi ya pamoja ya wanamtaa, wa Jumamosi moja: mbao mpya, vipande vya mti vilivyopigiliwa kwa kukingama ili mguu usiteleze, na kamba au mti wa kushikilia pembeni.

Mvua zikianza, pandeni miti kwenye hiyo njia ya kuta. Ujiji miembe imewatembeza watu kwenye kivuli vizazi na vizazi, na mtoto anayerudi mchana kwenye vumbi na jua la mwezi wa nane anakijua kivuli kuliko sisi. Mwembe unachukua muda, mwarobaini unawahi. Ila wafundishe kabisa: ngurumo zikianza, mti si mahali pa kujikinga. Wanaoishi huku wanajua radi zetu. Wakimbilie nyumba ya mtu, na hapo tena utaona faida ya yale mageti uliyobisha hodi.

Bodaboda usiikate kwa mkupuo. Anza na ya kurudi. Mchana kuna mwanga, wenzao wapo, hakuna kengele ya kuwahi. Wakizoea mwezi mzima, hamia asubuhi, na kama mnaanza wakati wa kiangazi, subiri mpaka kundi liwe limekamilika na zamu za wazazi zinafanya kazi. Wakati huo huo ongea na mwalimu kuhusu watoto wanaotoka mbali kwenye ile miezi ya giza. Kumwadhibu mtoto kwa kuchelewa kwa sababu ya matope ni kumfundisha kwamba miguu yake ndiyo kosa lake.

Kuhusu unene wa mdogo, usimwambie mbele za watu kwamba amenenepa. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kila siku, za kumfanya aheme. Kilomita karibu mbili kwa mwendo wa mtoto ni nusu saa. Kwenda na kurudi, saa nzima imeshapatikana bila mpira wala mazoezi ya kununua. Kuhema kwenye ngazi kukiendelea, apelekwe hospitali aangaliwe, usibahatishe. Tena jua letu linalochelewa asubuhi linatulipa jioni: mpaka karibu saa moja bado kuna mwanga. Ukitoka kazini, chukua nusu saa hiyo utembee nao, hata bila sababu. Watoto wanaujua mtaa kwa kuuzunguka na mtu wanayemwamini, na mtaa nao unawajua hivyo hivyo.

Swali lako la mwisho, mdogo aende lini mwenyewe. Kwa njia uliyoieleza, yenye lami ya kuvuka, mimi nisingemruhusu kabla ya miaka 10, na hata hapo ningemfuata kwa nyuma mara kadhaa nimwone anavyovuka. Lakini kabla ya yeye, mfikirie dada yake. Tangu mhamie, yule binti kila asubuhi anabeba hofu ya watu wawili. Ni mtoto naye. Mtu mzima wa zamu akiwepo pale lami na pale darajani, mzigo huo anautua, na huenda ndipo ulimi wake utafunguka. Mdogo kwa sasa aanze na mambo madogo ya upande wenu wa barabara: genge la karibu, nyumba ya rafiki, mchana, wawili wawili. Njia hiyo akishaimudu, mwongezee nyingine.